Taa za gari: maswali ninayoulizwa gereji kila wiki

Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar es Salaam. Mchana nafunga taa. Usiku, mara mbili au tatu kwa mwezi, naendesha mwenyewe kwenda Iringa kwa mambo ya familia, kwa hiyo kazi za mafundi wenzangu nakutana nazo Barabara ya Morogoro zikinijia usoni. Maswali haya ni yale ambayo wateja wanayarudia hadi nimeyakariri. Mengi huanza na lawama: "Fundi, madereva wa siku hizi hawana adabu, wanakupiga fulu mpaka unafumba macho." Huwa nacheka kidogo, kwa sababu mara nyingi gari la huyo huyo anayelalamika, nikilielekeza ukutani, nalo linapiga juu.

Kwa nini taa za siku hizi zinaumiza macho kuliko za zamani?

Ukiacha uzembe wa kutodimu, yaani kutoshusha taa kutoka fulu (mwanga wa mbali) kwenda dimu (mwanga wa karibu), mambo matatu yameungana. La kwanza ni globu. Gari la halojeni, yaani globu ya kiwaya, lenye globu ya H4 hutumia wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na mwanga wake una unjano fulani hivi. Watu wanachomoa hiyo na kuchomeka LED (ya chipu) au zenoni (ya gesi) yenye weupe unaokaribia bluu, na jicho husumbuliwa zaidi na mwanga wa namna hiyo usiku.

La pili, magari yamepanda juu. Taa ya pikapu au ya gari kubwa la familia iko usawa wa kioo cha nyuma cha gari dogo, kwa hiyo hata ikiwa imepangwa vizuri, ikikuganda nyuma kwenye foleni ya Kimara utaona kivuli cha kichwa chako mwenyewe kwenye dashibodi.

La tatu ni umri. Magari yetu mengi yanafika bandarini yakiwa yameshafanya kazi kwao. Springi za nyuma zimelala, pua ya gari imeinuka, au taa ilibadilishwa baada ya kugongwa na aliyeifunga akaridhika ilipowaka. Hakupima inapiga wapi.

Nimeweka LED kwenye gari la halojeni na mimi naona vizuri sana. Tatizo liko wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina urefu kidogo.

Chukua globu ya H4 mkononi, itazame kwa karibu. Ndani kuna nyaya mbili nyembamba. Ule wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake. Kikombe hicho hakikuwekwa kwa urembo: kinazuia mwanga usiguse nusu ya chini ya ile sahani inayong'aa ndani ya taa, kwa sababu nusu ya chini ndiyo inayorusha mwanga juu. Sahani nzima ilichorwa kiwandani kwa kuhesabu kwamba mwanga utatokea kwenye kiwaya kile, pale pale, bila kuhama hata milimita moja.

Sasa weka LED ya dukani. Badala ya kiwaya una vipande viwili vya chipu vimebandikwa pande mbili za kibao cha shaba au bati. Mwanga hautoki tena katikati, unatoka ubavuni. Sahani inaupokea na kuurusha inakojua yenyewe, na sehemu yake inakwenda juu kwenye macho ya anayekuja. Maneno ya kwenye boksi kwamba globu "haimuliki wenzako" hayabadilishi umbo la sahani yako.

Na kuhusu "naona vizuri": unaona vizuri karibu. Lami ya mita 10 mbele ya bampa imekuwa nyeupe kama sahani ya wali. Mboni ya jicho inapokutana na weupe huo inajifinya, na ikishajifinya, kile kilichoko mita 80 mbele, ambacho ndicho ulichokuwa unakihitaji, unakiona vibaya kuliko mwanzo. Unahisi usalama ambao haupo.

Kuna kaka mmoja alileta gari dogo, LED mpya kabisa, ananiambia nimsaidie kubana kifuniko cha nyuma tu. Ilikuwa jioni, saa moja na nusu. Nikamwomba awashe dimu, ashuke, atembee hatua thelathini mbele ya gari, kisha achuchumae kama aliyekaa kwenye kiti cha dereva. Alichuchumaa. Akakaa hivyo kama sekunde tano, akarudi ameweka kiganja juu ya macho. "Fundi, kumbe ndivyo ninavyowafanyia watu?" Tukarudisha halojeni zake za zamani, alikuwa bado nazo kwenye droo ya dashibodi.

Ukishindwa kabisa kuachana nazo, angalau hakikisha chipu zinatazama kushoto na kulia, saa tatu na saa tisa, zisitazame juu na chini. Wengi wanazifunga bila kuzungusha ile ringi. Na kama gari lako lina projekta, ile taa yenye kioo kinene cha mviringo, kuna nafuu kidogo kwa wenzako maana ndani yake kuna bati linalokata mwanga, lakini mwanga wako wa mbali mara nyingi utapungua.

Na zenoni?

Zenoni iliyokuja na gari kutoka kiwandani haina ubaya. Kwa kanuni za Ulaya, taa inayozidi lumeni 2,000, kipimo cha wingi wa mwanga, inatakiwa iwe na mtambo wa kujishusha yenyewe gari linapobeba mzigo, na kifaa cha kuosha kioo cha taa. Ile ya kufungiwa dukani haina hata kimoja. Tahadhari moja: boksi lake la kuwashia hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati taa inaanza kuwaka. Usichokonoe huku imewashwa. Nimeona fundi akirushwa.

Nitajuaje kama taa zangu ziko juu?

Unahitaji ukuta, tepu ya kubandika, futi ya kupimia na giza. Basi.

Tafuta sehemu tambarare, sakafu ya kituo cha mafuta kilichofungwa au yadi ya duka. Pima upepo wa matairi kwanza, maana tairi moja iliyolegea inatosha kukudanganya. Toa mizigo. Mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari hadi karibu ligusane na ukuta, kisha bandika tepu ukutani kwa kulala, usawa wa katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 5 kamili, pima kwa futi, usikadirie. Washa dimu.

Utaona mwanga una ukingo: chini kweupe, juu giza. Ukingo huo unatakiwa uwe chini ya tepu kwa takriban sentimita 5 kwa gari dogo. Ukirudi mita 10, uwe sentimita 10. Ndiyo hesabu yenyewe, asilimia moja ya umbali. Gari refu, pikapu na wenzake, mimi hushusha kidogo zaidi, sentimita 7 au 8 kwa mita 5. Upande wa kulia ukingo uwe umelala. Upande wa kushoto upande juu kidogo kama mteremko, kwa sababu huko ndiko waliko watembea kwa miguu, na wanaokuja hawapo upande huo.

Kama ukingo uko juu ya tepu, wewe ndiye unayetukanwa. Kama huoni ukingo wowote, mwanga umetawanyika tu kama maziwa yaliyomwagika, basi globu si yake au imekaa upande.

Nyuma ya taa kuna skrubu mbili za kurekebishia, mara nyingi zinazungushwa kwa bisibisi ya nyota ndefu. Moja inapandisha na kushusha, nyingine inapeleka kushoto na kulia. Zungusha nusu mzunguko, tazama ukuta, hesabu mizunguko uliyopiga ili ukikosea urudi ulikotoka. Taa moja ukiifanyia kazi, nyingine ifunike kwa kitambaa kinene, sio kwa muda mrefu, maana kitaungua.

Hiki kigurudumu kidogo chenye namba, karibu na usukani, ni cha nini?

Wengi wanadhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Hapana, kile chenye alama ya taa na mishale ya kupanda na kushuka ni cha kushusha taa za mbele. Sifuri ni wewe peke yako ndani ya gari. Ukijaza watu, au ukipakia magunia ya mchele wa Ifakara nyuma, pua inainuka, kwa hiyo unapandisha namba ili taa zishuke. Naletewa magari ambayo kigurudumu hiki hakijaguswa tangu yatoke Japani. Kikizungushwa kinatoa sauti ya vumbi.

Gari langu usukani uko kushoto. Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba napiga taa, na si kweli, nipo kwenye dimu.

Ni kweli upo kwenye dimu, na ni kweli unapiga. Taa za gari la usukani wa kushoto zilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha upande wa kulia. Ule mteremko wa mwanga niliousema hapo juu, kwako unapanda kulia. Tanzania, Kenya na Uganda, kulia ndiko anakotoka mwenzako.

Tatizo hili kwetu ni la kila siku kwa sababu ya mpaka. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, sisi kushoto, na mzigo wao mwingi unashukia bandari ya Dar es Salaam. Dereva anayetoka Kigali akivuka daraja la Rusumo anahama upande wa barabara, lakini taa za gari lake hazihami. Baadhi ya magari ya Ulaya yana kitufe kidogo nyuma ya taa, au chaguo kwenye skrini, la kubadilisha upande. Kama lako halina, na utaendelea kukaa nalo hapa, dawa ya kudumu ni kununua taa za upande wetu. Kama unapita siku mbili tatu, stika za kuziba ile sehemu ya mwanga unaopanda zinatosha. Wazungu wanaovuka kwenda Uingereza na magari yao wanazitumia.

Nikikutana na mtu aliyewasha fulu na hataki kushusha, nifanyeje?

Mpigie taa mara moja, kwa kifupi. Akikataa, mwache. Punguza mwendo, na macho yako yatoe kwenye taa zake, yapeleke ukingo wa kushoto wa lami, ule mstari kama upo, au pale lami inapokutana na changarawe. Ufuate ukingo huo hadi apite.

Kumrudishia fulu najua inavyokuwa tamu. Nimeshafanya. Lakini hesabu: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Ukipofuka sekunde tatu, umeshatembea zaidi ya mita 60 bila kuona, na kwa mwendo huo gari dogo kwenye lami kavu linahitaji kama mita 50 hadi lisimame, ukihesabu na muda wa kushtuka. Ukimrudishia, mmekuwa wawili msioona, na katikati yenu labda kuna mama na baiskeli.

Halafu kuna jambo watu hawalijui: sekunde chache baada ya gari kupita ndizo mbaya zaidi. Mwanga umeondoka lakini jicho bado halijarudi. Jicho lililozoea giza likipigwa mwanga linapoteza kile lilichokusanya, na kurudi kwenye uwezo wake wote wa gizani ni suala la dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo usikanyage mafuta mara tu anapokupita. Subiri kidogo.

Ni wakati gani hasa wa kudimu?

Kabla hujaziona taa zenyewe. Usiku, gari likiwa nyuma ya kilima, utaona kwanza mwanga unang'aa juu ya mgongo wa barabara kama alfajiri. Dimu hapo hapo. Ukingoja mpaka mtazamane, umeshampiga.

Na dimu unapomfuata mtu. Hili ndilo kosa la watu wastaarabu, watu ambao hawawezi kusahau kudimu kwa anayekuja, lakini wanamfuata mwenzao fulu kutoka Chalinze hadi Morogoro na hawaoni ubaya. Aliye mbele ana vioo vitatu na vyote vimejaa taa zako. Yeye anaweza kuvuta ule mkono mdogo chini ya kioo cha kati ili kigeuke cha usiku, lakini vya pembeni hana la kufanya.

Lori mbele yangu limewasha indiketa ya kulia na halikati kona. Linasema nini?

Linasema usilipite, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linasema pita. Na lori linalokuja usiku likiwasha ya kulia, linakuonyesha mwisho wa mwili wake, usije ukalichuna. Hii ni lugha ya madereva wenyewe, haimo kwenye mafunzo ya leseni, na kwa miaka mingi imetusaidia kwenye milima kama Kitonga ambako semi linapanda mwendo wa mtu anayetembea.

Mimi naiheshimu ile ya kulia na siiamini ile ya kushoto. Ya kulia, likikosea, nimechelewa dakika mbili. Ya kushoto, huenda dereva anasimama kushusha abiria, au anataka kuingia mizani, au kaisahau tu. Na indiketa ya kulia vilevile huenda ikawa anakata kulia kweli kuingia kijijini, wewe ukadhani anaongea na wewe. Ndiyo maana mpaka nione mwenyewe barabara iko wazi, sitoki.

Na mtu akinipigia taa mara mbili mchana?

Trafiki yuko mbele. Au mlango wako haujafungwa. Au anakuambia upite, au anakuambia usipite, au ni shemeji yako. Punguza mwendo, utajua.

Njia panda, nikienda moja kwa moja, niwashe hazadi, zile indiketa zote kwa pamoja?

Hapana, hapana, hapana. Sijui nani alianzisha. Ukienda moja kwa moja huwashi kitu. Aliyeko kushoto kwako anaiona indiketa yako ya kushoto tu, ya kulia imefichwa na gari, anajua unakata kuja kwake, anaingia. Hali kadhalika aliyeko kulia. Umewaambia watu wawili uongo wa aina mbili kwa kitufe kimoja.

Hazadi ni ya gari lililosimama mahali pabaya, au linalokokotwa, au unapofunga breki ghafla kwa sababu mbele kumeharibika. Ukiendesha kwenye mvua umewasha hazadi, indiketa zako zimekufa: ukitaka kuhama njia hakuna atakayejua. Mvua kubwa, washa dimu. Taa za nyuma zitawaka zenyewe pamoja nayo, ambalo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Ukungu je? Fulu si ndiyo inaona mbali?

Kwenye ukungu fulu inaona ukuta mweupe. Mwanga unagonga matone ya maji hewani na kukurudia. Ukipita Mafinga kwenda Makambako na Njombe asubuhi ya Juni, au Limuru kwa wenzetu wa Kenya, tumia dimu na zile taa za chini ya bampa. Hizo za chini zikipangwa kutazama lami zinapita chini ya ukungu. Zikipangwa kutazama watu, kama wengi wanavyozifunga kwa ajili ya sura, hazina kazi, na hewa ikiwa safi hazistahili kuwashwa. Zile spoti ndefu za juu ya kabini ni za porini. Mjini ni fujo.

Taa zangu zinawaka lakini barabara siioni. Hata fulu ni kama kibatari.

Usikimbilie globu kubwa zaidi. Watu wananunua za wati 100, wanayeyusha holda na waya, na siku ya pili wananiletea gari linanuka plastiki.

Anza na kioo cha taa. Kioo cha taa za sasa ni plastiki, na jua letu linakipausha mpaka kinakuwa cha rangi ya chai ya maziwa. Mwanga unaotoka unapungua na ule unaotoka unatawanyika, kwa hiyo wewe huoni na mwenzako unamuumiza, vyote kwa pamoja. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki mbili, kisha hali inarudi. Kazi ya kweli ni msasa wa maji, unaanza namba 800 au 1000, unapanda 2000, unamaliza 3000, halafu lazima upulizie vanishi safi ya kuzuia jua. Ukiruka hiyo ya mwisho umefanya kazi bure, plastiki itapauka haraka kuliko mwanzo. Na anayekushauri upulizie dawa ya mbu, kweli itang'aa, kwa sababu inayeyusha ngozi ya juu ya plastiki.

Kioo kikiwa safi, pima umeme. Washa injini, washa dimu, weka mita kwenye miguu ya globu yenyewe, sio kwenye betri. Betri itasoma kama 14. Kwenye globu ukipata 12 na kitu, una umeme unaopotelea njiani, na adui wa kawaida ni ethi, yaani ule waya hasi unaofungwa kwenye bodi: umeota kutu chini ya boliti. Watu wanadharau volti moja na nusu. Globu ya halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya umeme inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Nafungua boliti, napiga msasa, nafunga tena, na mteja anauliza nimeweka globu gani mpya.

Indiketa ya upande mmoja inapiga haraka haraka. Rilei, kile kifaa cha kuimwesha, imekufa?

Globu moja ya upande huo imekufa, ya mbele au ya nyuma. Gari linakuambia. Kama umeweka LED kwenye indiketa, itafanya hivyo hivyo kwa sababu inakula umeme kidogo mno. Badilisha rilei iendane nayo.

Taa za breki zimegoma kuzima, nimekuta betri imekufa asubuhi.

Inua zulia la miguuni kwa dereva. Ukikuta vipande vya plastiki vilivyovunjika kama maganda ya karanga, umepata jibu. Juu ya mkono wa pedali ya breki kuna kipande kidogo kinachobonyeza swichi pedali inaporudi. Kwenye magari mengi ya Kijapani yenye umri kinakauka na kupasuka. Swichi inabaki haijabonyezwa, taa zinawaka usiku kucha. Ni kitu cha bei ndogo sana kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Ukikwama usiku, boliti fupi yenye kichwa bapa iliyopitishwa kwenye tundu hilo itakufikisha nyumbani.

Kinyume chake, taa za breki zisipowaka kabisa na gari ni la otomatiki, huenda gia isitoke kwenye P. Swichi ni ile ile.

Na kama uko peke yako na hujui zinawaka au la, rudi nyuma karibu na ukuta au na kioo cha duka, kanyaga breki, tazama kwenye vioo. Fanya kila Jumapili. Mtu anaweza kutembea mwezi mzima bila taa za breki na asijue, kwa sababu yeye hazioni kamwe.

Miwani ya njano ya kuendeshea usiku inasaidia?

Inasaidia anayeiuza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwapima madereva kwenye mtambo wa kuigiza barabara, wakiwa na miwani hiyo na bila hiyo, na haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu usiku. Kioo cha rangi kinapunguza mwanga wote, mbaya na mzuri.

Kinachonitisha mimi sio taa kali, ni magari yasiyo na taa. Nifanyeje?

Hapo tumekubaliana. Taa moja inayokuja unadhani ni bodaboda, kumbe ni lori lililopoteza jicho la kulia, na mwili wote uko upande wako. Mimi taa moja naihesabu lori mpaka inithibitishie vinginevyo.

Usiku mmoja, nimepita Mikumi, bado sijafika Ruaha Mbuyuni, mvua ya rasharasha. Basi linakuja na fulu. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku barabara hii hailali. Nikatazama ukingo wa kushoto kama nilivyokufundisha hapo juu, na kwenye ukingo huo nikaona majani. Tawi bichi, limelazwa kwenye lami. Sikuona kingine chochote, nilifunga breki kwa sababu ya tawi. Basi lilipopita na macho yakarudi, semi lilikuwa mbele yangu, limeharibika, halina hata taa moja ya nyuma, turubai lake jeusi na lami nyeusi. Kati ya tawi na bampa lake hapakuzidi hatua kumi na tano. Dereva wake alitoka chini ya trela ana tochi ya simu mdomoni. "Pole kaka," akasema, "triango waliniibia."

Kwa hiyo kama wewe ndiwe uliyeharibikiwa: triango na matawi yaende nyuma kweli, hatua sabini na zaidi, na kama kuna kona, yaanze kabla ya kona. Karatasi za kuakisi mwanga, nyekundu nyuma na nyeupe mbele, hazihitaji betri wala fundi. Zifute tope kwa kitambaa kila unapojaza mafuta.

Naweza kufunga taa za bluu zinazomweka? Rafiki yangu anazo.

Vimulimuli ni vya polisi, zimamoto, ambulensi na misafara inayoruhusiwa. Kwangu usilete.

Trafiki ananisimamisha kwa taa moja iliyokufa, ni haki?

Ni haki yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe na taa zinazofanya kazi, na faini ya papo kwa papo tuliyoizoea ya shilingi 30,000 inanunua globu za kutosha. Weka globu moja ya akiba ya mbele, moja ya breki na fyuzi tatu kwenye droo. Ninalolilalamikia mimi ni kwamba tunasimamishwa kwa taa isiyowaka, lakini anayepofusha watu kwa LED anapita, maana mchana taa zake zinaonekana nzima.

Nina miaka 58. Miaka hii miwili kila taa naona ina miale. Ni taa zao au macho yangu?

Mzee wangu, huenda ni vyote. Lenzi ya jicho inapoteza uangavu kadiri miaka inavyokwenda, na mtoto wa jicho akianza, dalili yake ya mapema kwa wengi ni hiyo hiyo ya taa kuwa na miale na duara. Nenda ukapimwe macho kabla hujaniletea gari. Lakini kabla ya yote, safisha kioo cha mbele kwa ndani. Plastiki za dashibodi zikipata joto zinatoa ukungu wa mafuta unaoganda kwenye kioo, mchana huuoni, usiku kila taa inakuwa jua dogo. Gazeti na maji yenye siki kidogo, mara mbili.

Nikitaka kurekebishiwa taa nije saa ngapi?

Njoo jua likishazama, mchana ukuta hauonyeshi kitu. Njoo na gari kama unavyolitumia, na kiti cha mtoto kikiwa ndani kama huwa kinakaa humo. Na uje mwenyewe, usimtume kijana, kwa sababu aliyekaa nyuma ya usukani naye ana uzito wake kwenye hesabu.